Je, Yafaa Kuuza Saa Nyingi Ili Kupata Moja?

Neno tunalotaka kulipima mwezi huu laonekana kuwa dogo, wala hatutashangaa mtu akiuliza kwa nini lipewe nafasi katika gazeti. Neno lenyewe ni hili: mtu akiwa na saa kadhaa za mkononi, naye kwa miaka mingi ametamani saa moja iliyo bora kuliko hizo zote, je, yafaa aziuze zile nyingi ili aipate ile moja? Laonekana dogo, maana lahusu kitu kivaliwacho mkononi tu. Lakini ndani yake limo swali kubwa, nalo latuhusu hata sisi tusio na saa: katika vitu vilivyomo nyumbani mwetu, ni vipi vilivyo vyetu kweli, hata tuweze kuvitoa bila kumwuliza mtu?

Aliyetuletea swali hili ni mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Madibira, naye ametupa ruhusa kulieleza pasipo kutaja jina lake. Ana saa tano, nazo amezitunza sandukuni, kila moja katika kitambaa chake. Mbili alizinunua kwa mshahara wake mwenyewe. Hizo ni za aina ya Seiko 5, zilizoanza kutengenezwa Japani mwaka 1963, ambazo wengi wetu twazijua kwa kuwa hazihitaji kutiwa ufunguo kila siku, bali hujitia zenyewe kwa mwendo wa mkono. Ya tatu alipewa na mkewe walipotimiza miaka 25 ya ndoa. Ya nne ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyeinunua zamani alipokwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Ya tano si ya kununuliwa wala ya kupewa. Jirani yake aliileta mwezi wa Februari wa mwaka mmoja wenye shida, akachukua magunia mawili ya mpunga, akaiacha saa iwe rehani mpaka atakapolipa. Hajalipa hata leo.

Saa anayoitamani ni Omega, aina ile ile aliyokuwa akiivaa mwalimu wake mkuu shuleni. Fundi mmoja wa mjini Mbeya anayo, iliyokwisha kutumika lakini ingali nzima, naye amekubali kuitoa akiletewa zile tano zote. Mwalimu alitaka kujua kama kuna dhambi katika biashara hiyo. Basi, tuipime hatua kwa hatua.

Kwanza tuondoe sababu isiyo ya kweli. Wapo wasemao kwamba saa ya thamani hununuliwa kwa sababu hutunza majira vizuri zaidi. La, sivyo. Saa ya kamani na magurudumu, hata ikiwa imepimwa na mabwana wa Uswisi na kupewa cheti chao, yaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku moja. Bali tangu tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkononi iendeshwayo kwa betri na kipande cha kwatsi ilipouzwa mjini Tokyo, mambo yamegeuka. Saa ile ya kwanza ilikuwa na bei ya yeni 450,000, kiasi cha kumpatia mtu motokaa ndogo. Leo saa ya namna hiyo hupatikana gulioni kwa bei ya kuku, nayo hukosea labda sekunde 15 kwa mwezi mzima. Kwa ajili ya badiliko hilo kazi ya saa katika nchi ya Uswisi ilianguka sana: watu wapatao 90,000 walioifanya mwaka 1970 walipungua hata kuwa kama theluthi yao katika miaka ya 1980. Na simu iliyomo mfukoni mwa kijana huyaonyesha majira bila kutengenezwa na mtu.

Kwa hiyo mwenye kuitamani Omega asiseme kwamba anataka kujua saa. Aseme kweli, yaani, naitaka kwa kuwa naipenda. Mtu asipoanza kwa kusema kweli na nafsi yake, hesabu zote zifuatazo zitakuwa na kosa ndani yake.

Je, kukipenda kitu kwa sababu kimetengenezwa vizuri ni kosa? Wengine hujibu upesi kwamba ni kiburi. Sisi hatujibu hivyo. Wanawake wa Iringa husuka vikapu vya milulu vilivyobanwa sawasawa, na mwenye nyumba akiona kikapu kilichosukwa kwa ustadi, akakichagua mbele ya ndoo tatu za plastiki, hapana amwitaye mwenye kiburi. Twasema ana macho. Fundi aliyekaa siku nyingi akipanga magurudumu madogo kuliko punje ya mchele, hata yakaenda pamoja bila kugombana, amefanya kazi iliyo halali kupendwa. Kiburi kinaanzia mahali pengine, pale mtu atamanipo si saa, bali macho ya watu waionao saa. Jambo hilo hatuwezi kumhukumia mwenzetu. Mwenyewe ajiulize hivi: kama ningekaa mahali ambapo hapana mtu aijuaye Omega, je, ningali ningeitaka? Akijibu ndiyo, na aitake kwa amani.

Tena twaona kwamba wingi nao una hatari yake. Watu humshangaa yeye auzaye vitu vingi kwa ajili ya kimoja, wakamwona mharibifu, lakini hawamshangai yeye awekaye vitano sandukuni asivyovitumia. Zile Seiko zijitiazo ufunguo kwa mwendo wa mkono, zikilala bila kuvaliwa kwa muda wa saa 40 hivi, husimama. Basi, sanduku la Mwalimu lina saa tano, na pengine hakuna hata moja iendayo. Kitu kilichoumbwa kwa kazi, kisha kikazuiliwa kazi yake, ni kama jembe linaloning'inia ukutani wakati wa kulima. Akiziuza zilizo zake, zikaenda kwa vijana watakaozivaa, naye akabaki na moja aivaayo kila siku, hajaongeza tamaa yake, ameipunguza. Kwa upande huu twasimama pamoja na Mwalimu.

Lakini asijipe na sababu ya pili isiyo ya kweli, ile ya faida. Katika bonde letu la Usangu twawajua watu wauzao mbuzi kadhaa ili wanunue mtamba mmoja, na wazee huwasifu. Sababu yake ni wazi: mtamba atazaa, atatoa maziwa, na mzao wake atarudisha mbuzi wale na zaidi. Hata hivyo mfugaji mwenye akili hauzi mbuzi wote. Huwaacha wachache zizini, maana mtamba mmoja akifa kwa ugonjwa, amekwenda na zizi zima. Saa haizai. Wengine wamesikia habari za minada ya Geneva, kwamba mwezi wa Novemba 2014 saa moja ya Patek Philippe, iliyotengenezwa kwa ajili ya tajiri Mmarekani Henry Graves na kukabidhiwa kwake mwaka 1933, iliuzwa kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 23. Wakisikia hayo, husema kwamba saa ni akiba. Lakini saa kama ile ni moja katika dunia, na saa nyingi zikishatoka dukani bei yake hushuka. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Anunuaye Omega na anunue saa, asijidanganye kwamba amenunua ng'ombe.

Sasa twafika penye kiini cha jambo. Fundi wa Mbeya alizihesabu saa tano, akaona bei tano. Kwake yeye hilo ni sawa, kwa kuwa hajui zilikotoka. Lakini mbele ya dhamiri ya mwenyewe hazikuwa saa tano za namna moja. Zilikuwa namna tatu: alizonunua, alizopewa, na aliyowekewa. Na kila namna ina sheria yake.

Zile mbili alizonunua ni zake. Na aziuze hata leo, wala asimwombe mtu ruhusa. Sharti lake ni moja tu, kwamba kama moja huchelewa, au kioo chake kina ufa, amwambie anunuaye kabla ya kupokea fedha.

Saa alizopewa ni habari nyingine. Zawadi ina wenyewe wawili: aliyepokea anacho kitu, na aliyetoa anayo sehemu yake katika kitu hicho, ingawa hakuiandika mahali popote. Hatusemi kwamba zawadi haiwezi kuuzwa kamwe. Tungesema hivyo, nyumba zetu zingejaa vitu visivyogusika. Twasema kwamba haiuzwi kwa siri. Mke yupo, na aulizwe. Akikubali, saa ile imekuwa huru. Akinyamaza, kunyamaza kwake si kukubali, na mume aijuaye nyumba yake hatahitaji kuelezwa.

Saa ya marehemu baba haina wa kuulizwa kwa sababu mwenyewe amelala. Lakini katika desturi zetu mali ya baba haimwishii mtoto mmoja. Yeye aliyekabidhiwa ni mtunzaji; nyuma yake wapo ndugu zake, na mbele yake wapo wajukuu ambao hawakumwona babu yao. Kwa wajukuu hao, jasho la Tanga na safari ile ndefu hayana ushahidi mwingine uliobaki ila saa hiyo. Hata kama haiendi tena, yasema jambo ambalo Omega haiwezi kulisema. Basi, Mwalimu asiihesabu kuwa yake mpaka ndugu zake wamekaa naye na kulizungumza.

Tumebakiza ile ya tano, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike. Mwalimu alituambia, "Miaka mingi imepita, naye hakulipa. Kwa mapatano yetu saa imekwisha kuwa yangu." Kwa mapatano, labda. Lakini tukumbuke mapatano yale yalifanywa lini. Hapa Madibira maji ya mto Ndembera hunywesha mashamba ya mpunga yapatayo hekta 3,000, na wengi wetu twaishi kwa mavuno ya mara moja. Mwezi wa Februari mpunga ungali kijani, ghala ni tupu, na mtu mwenye watoto hukubali bei yoyote. Mwezi wa Julai magunia yamejaa njiani na bei imeanguka. Gunia la Februari si gunia la Julai. Mtu apatanaye akiwa na njaa hupatana kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika tumbo. Na ile saa, tukiuliza bei yake, yazidi magunia mawili. Akiiuza, atapokea deni lake na ziada juu yake. Ziada hiyo ni ya nani?

Wenye kusoma Torati wajua kwamba sheria ya zamani haikukataza kuweka rehani, lakini iliitia mipaka. Mtu hakuruhusiwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana maisha ya mwenziwe yamo ndani yake. Na nguo ya maskini ilipasa irudishwe kabla ya jua kuchwa, asije akalala na baridi. Maana yake nini? Kwamba rehani, hata ikiwa mkononi mwa mwenye kudai, ingali ina uso wa mtu mwingine. Saa si jiwe la kusagia, twakubali. Lakini uso wa mwenyewe ungalipo, naye anaishi jirani, wala hajafa wala hajahama.

Hapa wengine watatukumbusha mfano ulio katika Mathayo sura ya 13, wa mfanya biashara aliyeona lulu moja ya thamani kubwa, akaenda akauza mali zake zote, akainunua. Mfano ule wahusu ufalme wa mbinguni, wala haukutolewa ili kubariki manunuzi yetu. Mtu asiupeleke sokoni. Lakini kwa kuwa umetajwa, tuutazame vema. Yule mtu aliuza vitu alivyokuwa navyo mwenyewe. Hatusomi kwamba aliuza na vya mkewe, na vya ndugu zake, na vilivyowekwa kwake na jirani. Uzuri wa tendo lake umo katika hilo, kwamba gharama yote aliilipa yeye. Mtu akinunua lulu kwa gharama ya wenzake, hajauza vyote, ameviuza vyao.

Yupo atakayetujibu, "Mnavipa vitu roho. Saa ni chuma. Mtu aliyekufa haihitaji, na mtu asiyelipa deni ameipoteza kwa haki." Jibu hili lina nguvu, wala hatulidharau. Ni kweli kwamba tukivishika vitu vyote kwa ajili ya waliovitoa, vitatutawala sisi. Ni kweli tena kwamba mkopeshaji ana haki yake, na kama kila deni lingesamehewa hapana mtu angekopesha mwezi wa Februari, na wenye njaa ndio wangeumia. Lakini tutazame habari moja ya kweli kutoka Marekani, ambayo yaonyesha jinsi kitu kilichotolewa kwa upendo kiwezavyo kupita mikono mingi bila kumdhulumu mtu.

Mchezaji wa sinema Paul Newman alipewa na mkewe, Joanne Woodward, saa ya Rolex aina ya Daytona iliyogharimu wakati ule dola mia chache tu. Mkewe alichoresha nyuma yake maneno ya kumwonya aendeshe kwa uangalifu, kwa kuwa Newman alipenda mashindano ya motokaa. Mwaka 1984 kijana mmoja, rafiki wa binti yake, alikuwa akifanya kazi nyumbani kwao. Newman alimwuliza saa ngapi, kijana akajibu kwamba hana saa. Newman akaivua yake akampa. Kijana akaivaa miaka mingi. Tarehe 26 Oktoba 2017 iliuzwa katika mnada wa New York kwa dola 17,752,500, na sehemu ya fedha ikatolewa kwa shirika la hisani la binti yule.

Tuone basi. Zawadi ya mke ilitolewa tena, kisha ikauzwa. Lakini ilitolewa mchana, kwa mtu asiyekuwa na saa, ili aijue saa. Na ilipouzwa, ukoo wa mtoaji haukusahauliwa. Tena, chuma cha saa ile hakikustahili bei ile. Kilichoipandisha ni mkono ulioivaa na mkono ulioitoa. Hata wenye kununua kwa mamilioni, basi, wakiri kwa fedha zao neno ambalo mwenye kutupinga alikataa, kwamba ndani ya kitu wamo watu.

Shauri letu kwa Mwalimu, na kwa kila aliye na ng'ombe, shamba, baiskeli au cherehani ya kutaka kubadili kwa kitu bora, ni kwamba kabla ya kuhesabu bei ahesabu watu. Vile ambavyo nyuma yake hasimami mtu, aviuze kwa moyo mweupe. Vile ambavyo nyuma yake asimama mtu, amwendee mtu huyo kwanza, asubuhi, si baada ya kupokea fedha. Na kama fedha hazitoshi kwa sababu ya vile asivyoweza kuviuza, basi ajue ya kwamba bei ya kweli ya kile anachokitamani ilikuwa kubwa kuliko alivyoambiwa na fundi.

Mwalimu alifanya hivyo. Zile Seiko mbili zimekwisha kuuzwa. Mkewe alipoulizwa alisema, "Iuze, mume wangu, maana hukuivaa hata siku kumi," naye Mwalimu asema maneno hayo yamemgharimu kuliko saa yenyewe. Ndugu zake wamekataa saa ya baba isitoke ukooni. Kwa jirani yake alikwenda kwa miguu, akamwambia wazi kwamba amepata mnunuzi. Jirani aliomba muda mpaka mavuno ya Julai, akiahidi kuleta magunia mawili na kuichukua saa yake, na Mwalimu amekubali kungoja. Omega ingali Mbeya, wala fedha hazijatosha.

Limebaki swali moja ambalo sisi wenyewe hatujalikata, nalo twalitoa kwenu, wasomaji na walimu wa vijiji, mlizungumze pamoja na wazee wenu. Kama Julai ikifika, na mpunga ukavunwa, na yule jirani bado asilete kitu, je, saa ile itakuwa ya nani?